Naombeni ushauri: tripodi ya karboni au ya alumini kwa anayepiga picha kama hobi?

Mwanga Hafifu:
Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama na muda unanibana. Napiga picha kwa kupenda tu, siyo kazi. Nataka tripodi, na kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa: kuna za karboni, kuna za alumini, kuna zenye miguu ya pingili tatu na za pingili tano, kuna za kubana kwa klipu na za kuzungusha. Picha zangu za usiku zinatoka na ukungu, na kufokasi nafokasi vizuri kabisa. Naomba jibu moja tu: karboni au alumini? Kuna mtu anasubiri jibu langu kabla ya wikendi.

Fundi Skrubu:
Juu yake unaweka nini? Taja kamera na lenzi. Bila hivyo tutakuwa tunabahatisha.

Bahari Shwari:
Alumini, ndugu yangu, tena ya klipu. Mimi napiga sana ufukweni na niliwahi kuwa na ya kuzungusha. Mchanga ukaingia kwenye nyuzi za zile kola za kukazia pingili, zikawa zinasaga kila nikifungua, mwisho pingili moja ikagoma kabisa. Tangu hapo nikiingia majini naanza kutoa pingili ya chini kabisa, ili viungo vya juu vibaki juu ya maji. Na nikirudi naiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, naiacha miguu yote nje mpaka ikauke. Ukiifunga ikiwa mbichi chumvi inabaki ndani na kuanza kuila taratibu.

Mama Shata:
Mwanangu, hobi hii haina mwisho. Leo tripodi, kesho begi, keshokutwa lenzi nyingine. Tumia ulichonacho kwanza. Weka kamera juu ya ukuta, tia mfuko wa mchele chini yake, washa taima. Wengi wetu tulianzia hapo na picha zipo mpaka leo.

Mwanga Hafifu:
Asante mama, ila ukuta haukuinulii kamera kuelekea juu. Fundi, kamera ni ya kawaida, kihisi cha APS-C (kile kidogo kuliko fremu kamili), na lenzi ya kawaida. Kwangu kinachotakiwa ni urefu, maana mimi ni mrefu na sitaki kuinama. Pia iwe nyepesi.

Fundi Skrubu:
Urefu na wepesi ndivyo vinavyogombana kwenye tripodi. Pingili zikiwa nyingi, ile ya mwisho inakuwa nyembamba, na hiyo ndiyo inayokanyaga ardhi. Halafu wengi wanaupata huo urefu kwa kuvuta nguzo ya kati. Ukishaivuta, kamera imekaa juu ya mguu mmoja mwembamba, ile miguu mitatu haikusaidii tena. Angalia urefu wake nguzo ikiwa chini.

Lenzi ya kawaida ni ipi? Taja namba.

Kaka Fokasi:
Mwenye lenzi ya kawaida hafichi namba 😂 Tumeshavuta viti, mkuu, tunasubiri.

Mwanga Hafifu:
Sawa. Ni Sigma 150-600mm, ile ya Contemporary. Ni ya mjomba, kaniazima. Napiga mwezi.

Sikuitaja kwa sababu kila nikiitaja watu wananiambia nirudishe lenzi ya watu, na swali la tripodi linaachwa. Na tripodi yenyewe nimeshaipata, ya karboni, pingili tano, inaingia kwenye begi la mgongoni, haifiki kilo moja na nusu. Nimeshatanguliza nusu ya pesa kwa mwenzangu kazini. Imeandikwa inabeba kilo 8, na kamera yangu na lenzi kwa pamoja hazifiki kilo 3. Kwa hiyo uwezo upo. Nilitaka tu kuthibitisha kwamba karboni ni bora.

Kaka Fokasi:
Kumbe umeshaoa ndo unatuomba ushauri wa uchumba.

Fundi Skrubu:
Karboni kweli ni bora kwa uzito, na mtikisiko hufa haraka zaidi kuliko kwenye alumini. Lakini hilo ni kama vyote vingine viko sawa. Karboni nyembamba ya pingili tano haiifikii alumini nene ya pingili tatu.

Na hiyo kilo 8 isikutie moyo sana. Watengenezaji hawana kipimo kimoja wanachokifuata wote, kila mmoja anapima kwa njia yake. Mara nyingi namba hiyo inakuambia miguu haitalala na kichwa hakitateleza. Haisemi kitu kuhusu kutikisika. Ukiwa kwenye 600mm na kihisi cha APS-C, unaona eneo dogo kama la lenzi ya 900mm. Hata kugusa kitufe cha shata kunaonekana.

Kabla hujamalizia pesa, omba uijaribu. Refusha miguu yote, elekeza lenzi kwenye kitu cha mbali, washa skrini na uikuze picha mara 10. Sasa igonge lenzi kwa kidole kimoja, taratibu. Hesabu inachukua muda gani picha kutulia. Ukifika sekunde tatu na bado inacheza, umeshapata jibu. Rudia miguu ikiwa imefupishwa, uone tofauti.

Kamera umeifungaje hapo juu? Kwa kiguu cha lenzi, kile cha kwenye pete inayoizunguka?

Mwanga Hafifu:
Tripodi ya sasa ni ya kuazima. Naifunga kwenye tundu la chini ya kamera, lenzi haina pa kufungia. Kichwa ni cha gololi, nikikaza kinainama kidogo, mwezi unatoka nje ya fremu, naanza upya. Kitulizaji mtikisiko nimekiwasha, shata naweka sekunde moja kwa sababu ni usiku.

Mpenda Anga:
Sekunde moja kwa mwezi mpevu? Hapo usiisingizie tripodi. Mwezi unamulikwa na jua moja kwa moja, uso wake ni kitu cha mchana. Kanuni ya zamani ni tundu la mwanga la lenzi f/11, na shata ilingane na ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga: ISO 200, shata 1/200. Lenzi hiyo kwenye 600mm inafunguka hadi f/6.3, kwa hiyo 1/500 unaipata bila shida. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, inaona anga jeusi limejaa fremu, inarefusha muda, na mwezi unaungua unakuwa doa jeupe.

Na mwezi hautulii. Unasogea umbali sawa na upana wake kwa kama dakika mbili. Kwenye 600mm, kwa sekunde moja taswira yake imehama takriban milimita 0.04 juu ya kihisi, yaani karibu pikseli 10 kwa kamera ya APS-C ya megapikseli 24. Hata ukiifunga kwenye nguzo ya zege, ukungu upo palepale.

Bahari Shwari:
Hii ya kuhama sikuijua. Ndiyo maana mwezi wangu wa juu ya bahari hutoka umevutika.

Jicho la Tatu:
Wakuu, subirini kwanza. Hii mimi naona ni chai. Lenzi ya karibu kilo 2 inakuja na pete yake yenye kiguu, huwezi kuitoa kwenye boksi usiione. Huyu anasema "haina pa kufungia". Lenzi ya mjomba, tripodi ya mwenzake kazini, ya sasa ya kuazima, yeye ana nini? Huyo ni muuzaji anatangaza hiyo karboni yake. Mtaona namba ya simu hapa kabla ya jioni.

Kaka Fokasi:
Eeh, hata mimi "inaingia kwenye begi la mgongoni" ilinikaa kama tangazo.

Mama Shata:
Kama ni uongo, mwanangu, umetupotezea muda wetu bure. Watu wanakuandikia kwa moyo.

Mwanga Hafifu:
Mama, sina sababu ya kudanganya, na siuzi chochote. Lenzi iko hapa mezani. Karibu na inapoungana na kamera kuna mpira mweusi mpana umezungushwa, una nembo. Nimeuvuta sasa hivi ndiyo nimeona unatoka. Chini yake kuna mfereji laini umezunguka lenzi yote. Kiguu hakuna. Mwambieni Jicho la Tatu aje aone.

Fundi Skrubu:
Kijana anasema kweli. Pete ya lenzi hiyo inatoka, na mpira huo ni wa kufunika sehemu yake ikishatolewa. Mtu anayetunga asingejua habari ya mfereji. Mpigie mjomba, muulize pete iko wapi.

Mwanga Hafifu:
Nimempigia. Iko kabatini kwake, aliitoa kwa sababu anapiga ndege akiwa ameishika mkononi. Ananiletea kesho.

Jicho la Tatu:
Basi hapo nimekuelewa. Ila ungetaja lenzi tangu mwanzo tusingefika huku.

Fundi Skrubu:
Pete ndiyo ingetajwa kabla ya tripodi. Uking'ang'ania tundu la kamera, lenzi yote inaning'inia mbele, inavuta kichwa, ndiyo maana gololi linainama. Na uzito wote unabebwa na ile sehemu kamera inapoungana na lenzi. Ukifunga kwa kiguu, uzito unakaa katikati ya kichwa. Kitulizaji kizime, weka taima ya sekunde 10 badala ya 2, na mkanda wa kamera uuvue, upepo hucheza nao.

Mwanga Hafifu:
Nashukuru sana. Kwa hiyo hiyo karboni ikija na pete, inatosha? Neno nimeshatoa kwa mtu.

Fundi Skrubu:
Kwa mwezi mpevu kwenye 1/500 inatosha, ukiwa umekaa chini na zile pingili mbili nyembamba hujazitoa. Kwa mwezi mwandamo, ukitaka ule upande wa giza uonekane, shata itakuwa ndefu na hiyo tripodi itakuangusha. Hapo ni miguu minene, pingili tatu, alumini haina ubaya. Kama mwenzako hakurudishii pesa, ichukue iwe ya safari na lenzi ndogo. Lakini usimlipe nusu iliyobaki kabla ya kuigonga kwa kidole.

Mwanga Hafifu:
Nitaichukua tu mkuu, nitakaa chini. Swali la mwisho: pleti niliyonayo, ile bamba ya kufungia juu ya kichwa, ni fupi, ya skrubu moja. Itashika kiguu?

Fundi Skrubu:
Itashika, ila lenzi itazunguka juu yake kila ukiigeuza. Tafuta pleti ndefu ya mtindo wa Arca-Swiss (ile inayoteleza kwenye mfereji wa kichwa), yenye skrubu ya robo inchi na kijino cha kuizuia isizunguke. Ikiwa ndefu utaisogeza mbele au nyuma mpaka uachie lenzi na isianguke upande wowote, halafu ndiyo ukaze.

Mpenda Anga:
Na ukaze kwa sarafu, vidole havitoshi.