Re: Re: eVisa na pasipoti mpya, nimerudishwa City

Zainabu, Ilford:
Shikamooni wakubwa. Leo benki moja pale City, mtaa wa mabenki London, wamenirudisha. BRP (kadi ya ukaazi) iliisha 31 Desemba 2024 kama za wenzangu, eVisa (kibali cha mtandaoni) ninayo, ila bado inaonyesha pasipoti ya zamani. Naomba kujua: nikibadilisha pasipoti kwenye akaunti ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza), ile share code (namba ya kuwaonyesha wengine kibali changu) niliyokwisha kuitoa inakufa, au inaendelea hadi siku 90 ziishe? Nimetoka pale na mvua, mwavuli sina. Nimeambaa na ukuta wa Bank of England, Threadneedle Street yote, hamna hata kibaraza cha kujibanza.

Juma, Barking:
Pole dada. Bila shaka umewapa code ya W, hiyo ya ajira. Benki wanataka ya S, ya mambo mengine. Mimi hilo lilinikuta, nikajificha Leadenhall Market mpaka mvua ikakata. Paa la chuma na vioo, la mwaka 1881, na tone halipiti!

Zainabu:
Nimetoa ya S. Soma kwanza, kaka.

Mzee Kariuki, Reading:
Zainabu, ukuta huo usio na madirisha ni wa msanifu John Soane. Ghorofa zilizo juu yake zilijengwa na Herbert Baker, 1925 hadi 1939, akabomoa karibu kila alichojenga Soane ndani. Baker huyohuyo ndiye aliyechora Ikulu ya Nairobi. Pesa na serikali, fundi mmoja!

Mama Salma:
Mzee umesahau Lloyd's, soko la bima, lile jengo la Richard Rogers la 1986, mabomba nje, lifti nje. Nilikuwa nafanya usafi mtaa wa pili, saa kumi alfajiri linang'aa kama sufuria. 2020 waliomba radhi kwa kukatia bima biashara ya watumwa. Radhi tu, fidia kimya.

Juma:
Hiyo ilikuwa ya Atlantiki, mama. Ya kwetu ilipitia Zanzibar.

Mama Salma:
Nani kakuuliza ramani, mwanangu? Mimi nazungumzia hela.

Mzee Kariuki:
Tusigombane. Mvua hizi zinanikumbusha Limuru, ila kule ukilowa unajua jikoni kuna moto.

Juma:
Mzee, Jumamosi tupeleke watoto Sky Garden, ile bustani ya juu ghorofani City? Kuingia ni bure, tuwahi tu kuweka nafasi.

Mama Salma:
Wangapi tunakwenda? Nami nina wajukuu wawili.