Babu Feruzi wa Mambrui alikwenda wapi? Naomba ushauri

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni binti wa Malindi, mtaa wa Shela. Mama yangu amevuka miaka 80, na kila tukimaliza hitima huniuliza swali lile lile: baba wa baba yake alizikwa wapi? Natamani apate jibu angali hai.

Tunalojua ni haba. Akiitwa Feruzi, alitoka Amu (Lamu), akalima mtama na ufuta upande wa Mambrui, kisha "akaondoka". Nina karatasi moja tu, hati ya Kiarabu ya shamba la jirani, ya mwaka 1325 Hijria. Mipaka imetajwa kwa majirani: kibla (kaskazini) fulani bin fulani na nisba yake, yaani jina la ukoo au asili, matlai (mashariki) vivyo hivyo, lakini suheli (kusini) imeandikwa "shamba la Feruzi", basi. Hakuna baba, hakuna kabila. Baada ya hapo simwoni popote. Nilikwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, nikaambiwa hakipo. Ami yangu mkubwa naye nikimuuliza hunyanyuka akaenda zake msikitini. Nianzie wapi?

Karani Mstaafu
Wa aleikum salaam mwanangu. Cheti usikisumbukie. Kuandikisha vizazi na vifo hakukuwa lazima nchi nzima mpaka 1971, kwa hivyo wazee wetu wengi walizaliwa wakafa bila karatasi. Nenda kwenye ndoa. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ni ya 1906, na binti akiolewa hutajwa walii wake, yaani jamaa wa kiume anayemwoza. Uliza kwa kadhi vitabu vya zamani, umtafute bintiye au dadake Feruzi, si yeye mwenyewe.

Halafu ardhi. Sheria ya 1908 ilitaka kila mwenye shamba Pwani aje adai, na lisilodaiwa likawa la serikali. Wanyonge wengi hawakudai. Jirani yake huenda alidai, basi tafuta jalada la jirani, hata Nairobi kwenye Nyaraka za Taifa. Usome mashahidi wote. Na kumbuka 1325 ilianza Februari 1907 ikaisha mwanzoni mwa Februari 1908, kwa hivyo mwezi ulioandikwa kwenye hati una maana.

Mwana wa Pwani
Pima DNA tu dada, mambo yaishe.

Karani Mstaafu
Itamwonyesha jamaa walio hai, kama nao wamepima. Kaburi haitamwonyesha.

Bibi wa Langoni
Mwanangu, nitasema kwa heshima, na mama yako asione vibaya. Feruzi, Mabruki, Baraka ni majina ambayo watumwa walipewa mara nyingi. Jina pekee si ushahidi. Lakini jina lisilo na baba, katikati ya majirani wenye baba na nisba, hilo lanisemesha. Utumwa ulifutwa kisheria huku kwetu mwaka huo huo wa 1907. Naona ami yako hakuchukii wewe. Anailinda heshima ya nyumba kwa njia aliyofundishwa.

Aliyetoka utumwani aliweza kuhama na kujiita upya, pengine kwa nisba ya waliokuwa mabwana zake. Kwa hivyo Feruzi wa Mambrui huenda kwa watu wa Amu ni Abdalla. Ukitafuta jina moja utazunguka hapo hapo. Mimi nilipotafuta wa kwetu, nilimwacha babu nikawafuata wanawake. Usiulize "babu alikuwa nani". Kaa na bibi mkongwe uulize: matangani kwenu nani walikuwa wakija kutoka mbali, wakilala kwa nani, mkiwaita nani? Watu huficha asili, lakini kwenye msiba huja. Wajoli, yaani watumwa wa bwana mmoja, walizikana kama ndugu, na watoto wao wakaendelea kuitana ndugu bila kujua kwa nini.

Wa Rabai
Nyongeza fupi. Wako waliotoroka mashamba ya Malindi wakakimbilia vijiji vya watoro kama Fuladoyo, wengine misheni ya Rabai. Mwanzoni mwa 1889 watoro wapata 1,400 walilipiwa fidia wakapewa hati za uhuru. Feruzi wako ni wa baadaye, lakini nduguze huenda wamo, tena kwa majina ya ubatizo. Usiwapite kwa sababu ya dini.

Mwenye uzi
Nimesoma maneno ya Bibi wa Langoni mara tatu, nikalia. Jumapili nilikwenda Mambrui kwa bibi mmoja aliyekuwa shoga yake nyanya. Nikamuuliza habari za matanga, sikumtaja Feruzi. Akasema bila kufikiri: "Wale wa Matondoni. Walikuja kwa jahazi na samaki wakavu, tukiwaita kwa Abdalla." Matondoni ni kijiji cha huko huko Amu.

Nimemwambia mama. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza nauli ya Amu ni kiasi gani. Tunaondoka wiki ijayo inshallah. Kuna yeyote hapa mwenye wazee Matondoni, atuonyeshe makaburi ya zamani yako upande gani?

Bibi wa Langoni
Fikieni kwangu kwanza. Matondoni nitawapeleka mwenyewe.