Kituo cha leza kikielemewa, setilaiti ipi ipigwe kwanza?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo nalitafuna tangu juzi, nimeona nilete hapa tulijadili.

Duniani kuna vituo kama 40 vinavyopima umbali wa setilaiti kwa leza. Kituo kinafyatua mwale, setilaiti iliyovikwa vioo maalumu inaurudisha ulikotoka, saa inahesabu muda wa kwenda na kurudi, umbali unapatikana kwa usahihi wa milimita. Kazi hii ilianza Marekani mwaka 1964, shabaha zikiwa za kuhesabu vidoleni. Leo zimepita 100, kwa sababu setilaiti za kuelekeza njia za Urusi (GLONASS), Ulaya (Galileo) na China (BeiDou) nazo zote zimevaa vioo. Darubini ya kituo ni moja, na mawingu hayaombi ruhusa.

ILRS, jumuiya ya kimataifa inayoratibu kazi hii, hutoa orodha ya kipaumbele. Kwa kawaida iliyo chini zaidi hutangulia, maana inapita mbio. Za juu zinasubiri. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi. Tuulize kwanza: ipi haina namna nyingine ya kupimwa?

Chukua LAGEOS. Ni mpira wa sentimita 60 wenye vioo 426, ulirushwa 1976. Hauna betri, hauna redio. Leza isipoupiga, ni jiwe linalozunguka huko kilomita 5,900 juu. Lakini huo na mwenzake wa 1992 ndio msingi mkuu wa kujua kitovu cha uzito wa dunia kiko wapi, yaani sifuri ya ITRF, mfumo wa kimataifa wa kutaja mahali duniani. Mimi ni mpima ardhi. Kila nikisimamisha kipokezi juu ya bikoni shambani kwa mtu, namba ninazosoma zinaanzia kwenye sifuri hiyo. Bahari inapanda milimita tatu na ushee kwa mwaka, na altimeta za angani, yaani vipima urefu wa bahari kutoka setilaiti, zinaipima kutokea hapohapo. Sifuri ikiteleza milimita moja kwa mwaka, tutabishana kuhusu bahari huku tatizo ni rula.

Galileo inatangaza kwa redio usiku na mchana. Isubiri.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa 1

Hoja nzuri mkuu, ila "haina namna nyingine" ni kauli ya leo. ERS-1 ya Ulaya ilirushwa 1991 na kifaa chake cha kufuatiliwa, PRARE. Kikafa mapema kabisa. Kilichookoa vipimo vyake vya bahari ni leza. GFO ya Marekani, 1998, vipokezi vyake vya GPS viligoma, ikabebwa na leza vilevile. Setilaiti yenye kila kitu leo, kesho inakuwa kiziwi. Ndiyo maana za chini hutangulia: ikishapita, dakika kumi hivi, basi. LAGEOS inakaa angani kwako hata dakika 40.

Mchangiaji wa 2

Mshika mbili moja humponyoka. Wachague moja waache tamaa.

Mchangiaji wa 3

Hapo kwenye methali naomba nipinge, nimewahi kukaa zamu kwenye kituo cha namna hii. Huhitaji kuiganda LAGEOS dakika 40 zote. Vipimo vyake hukusanywa kwa mafungu ya dakika mbili mbili. Unapata fungu, unageuza darubini kwa setilaiti ya chini, inapita, unarudi. Usiku mzuri unashika tatu kwa zamu na hakuna inayokuponyoka.

Ila usiku mzuri ni wa kuotea. Skrini inajaa vidoti vya mwanga uliopokelewa, ovyo kama pumba zilizomwagwa, unasogeza darubini kidogo, unasogeza tena, ghafla vidoti vinajipanga mstari mmoja: umeipata. Hapo hapo ndege ya abiria inaingia, rada inakata leza. Ikitoka, wingu. Unatoka nje kutazama juu kwa macho yako, kwa sababu kompyuta haijui wingu linaelekea wapi.

Na tofauti ya mitambo ni kubwa. Graz, Austria, wanafyatua mara 2,000 kwa sekunde tangu 2003. Mitambo ya zamani haizidi mara 10. Galileo iko kilomita 23,222. Kwa umbali peke yake mwanga unaorudi unapungua zaidi ya mara 200 ukilinganisha na LAGEOS. Kumwambia mwenye mtambo wa zamani ahangaike nayo robo saa kutafuta vidoti vinne ni kumwonea.

Mchangiaji wa 4

Mnagombania orodha moja kana kwamba vituo vyote viko mtaa mmoja. Ulaya kuna Graz, Zimmerwald, Wettzell, Potsdam, Herstmonceux, Grasse, Matera. LAGEOS ikipita, wote wanaiona. Kusini mwa Sahara kuna Hartebeesthoek, Afrika Kusini. Ikiikosa hiyo, bara zima chini ya jangwa limekosa.

Na msiidharau Galileo. Leza ndiyo shahidi wa nje wa obiti zinazokokotolewa kwa redio. Ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba msukumo wa mwanga wa jua kwenye Galileo ulikuwa unakadiriwa vibaya. Redio haiwezi kujikosoa yenyewe.

Mleta mada

Wa 3 na wa 4 mmenisogeza. Nakubali pia hoja ya ERS-1, japo ajali mbili hazitoshi kuweka kila setilaiti ya chini mbele ya LAGEOS kila usiku.

Basi nairekebisha: orodha ifuate mahali. Hartebeesthoek na Yarragadee kule Australia wasipoteze fungu hata moja la LAGEOS kwa ajili ya Galileo. Wazungu walivyojazana, wagawane: usiku huu Graz na Wettzell wachukue za juu, Matera abaki na mipira.

Kinachonisumbua bado ni kimoja. ILRS inashauri tu, haiamuru. Kituo kinalipwa na nchi yake, na Ulaya ndiyo mwenye Galileo. Nani atamwambia Graz aache kupima setilaiti ya nyumbani?