Wasee nishikeni: nimeshikishwa hundi ya mtu aliyeniibia korongo

Sijalewa. Nasema mapema kwa sababu nawajua nyinyi, kuna wale wa "kunywa maji ulale". Niko steji, simu iko asilimia 9, nitaandika mpaka izime.

Mnamjua. Simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya sufu hata jua la Januari likiwaka. Yule ambaye kila shindano la nembo, Kayole mpaka Kawangware, yuko, na kila mara kazi yake hufika siku mbili baada ya zetu, ikiwa imeshiba zetu.

Hili lilikuwa la nembo ya ligi ya mtaa. Masharti: tuma kazi kwenye kundi la WhatsApp, mwisho Ijumaa saa sita usiku. Kwenye kundi! Yaani mnatandaza kazi zenu kama mitumba ya Gikomba, kila mpita njia anapekua, anapima, anarudisha. Mimi nikatuma Jumatano. Korongo. Wale wa Mombasa Road, karibu na Nyayo, wanaokaa juu ya miti wakitazama jamu kama wazee wa kamati. Nilimchora amesimama kwa mguu mmoja juu ya mpira, amevaa jezi namba 7. Siku nne, stima ikipotea kila nikifika kwa mdomo. Huyo ndege nilimjua kuliko ninavyowajua binamu zangu.

Jumapili, muda "ukaongezwa". Jumatatu, bwana kofia akatuma kazi. Korongo. Mguu mmoja. Mpira. Jezi. Anaangalia upande wa pili, na amevaa miwani ya jua.

Hakuchora chochote. Alimgeuza tu kama chapati akamvisha miwani. Nimejuaje? NAMBA 7 IMEANGALIA NYUMA. Alipindua picha nzima, jezi na namba yake, na hakuona. Mwamuzi mkuu, ambaye ni mjomba wake na hilo pia mnalijua, akashika maikrofoni akatueleza kwamba hiyo namba "inawakilisha vijana wanaothubutu kwenda kinyume".

Lakini si hapo. Kushindwa nimezoea, mimi ni shabiki wa Harambee Stars.

Ni kwenye hundi. Ile hundi ya kadibodi, pana kuliko mlango wa bafu la ploti. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, upepo ukaingia, hundi ikaanza kumburuta huku na huku jukwaani. Akatazama watu. Watu kama 200. Akaniona MIMI. Akasema, "Bosi, nishikie hapo kidogo."

Nikapanda. Nikashika.

Msiniulize kwa nini. Mkono ulienda wenyewe. Mpiga picha akasema tabasamuni. Nikatabasamu! Na wino wa hundi ulikuwa bado mbichi, "elfu ishirini tu", mimi nikiwa nimeshika upande wa "tu".

Nishikie hapo kidogo. Korongo ni wangu, mguu ni wangu, namba 7 ni yangu, na nikashikilia "tu".

Nimeenda kwa kamati, mzee mmoja akaniambia niwe na moyo wa kimichezo, asiyekubali kushindwa si mshindani. Ananipa methali na mdomo umejaa sambusa.

Picha sasa iko kila kundi. Mama amenipigia kutoka nyumbani: "Mwanangu, nimeona umekuwa mfadhili wa vijana." Ati mfadhili. Ameomba bati kumi na mbili.

NISHIKIE HAPO KIDOGO! Asilimia 3. Semeni kitu.

—

Karatasi_A3
Kabla sijakuhurumia, swali moja. Ulishika kwa mkono mmoja ama miwili?

Mwenye uzi
Miwili. Upepo ulikuwa mkali.

Karatasi_A3
Basi wewe ni mfadhili.

Kinyozi_Msomi
Picha nimeiona. Buda, kwa hilo jukwaa lote mwenye furaha ni wewe. Mshindi mwenyewe amekaa kama mtu amekuja kuulizia deni.

Rangi_Mbili
Na mbona umevaa suti? Ulikuwa umeandaa hotuba, sema ukweli.

Mwenye uzi
Nilikuwa nimeandaa maneno machache. Si hoja. Hoja ni kwamba aliniambia NISHIKIE HAPO KIDOGO.

Wakili_wa_Kibaraza
Mimi si wakili, nimekaa tu nje ya korti miaka mingi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 mchoro ni wako tangu ulipouchora, si lazima uwe umesajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki. Kusajili kunakupa ushahidi tu. Wazo la korongo si la mtu, hata mimi naweza kuamka kesho nichore korongo. Lakini yule wako, na mguu wake na mpira wake, ni wako, hata akivishwa miwani. Unayo faili ya kwanza yenye tarehe?

Mwenye uzi
Ilikuwa kwa kompyuta ya saiba. Wamefomati.

Wakili_wa_Kibaraza
Basi una korongo wa mdomo.

Rangi_Mbili
Si iko kwenye kundi? Alituma Jumatano. WhatsApp inaonyesha siku na saa.

Mwenye uzi
Nilitolewa kwa kundi saa ile nilipoandika "mwizi".

Mbagala_Kwetu
Poleni wakuu wa Nairobi, nawasoma kutoka Dar. Kosa lenu ni majina. Mwaka 1981 kule Washington walishindanisha ramani za mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa vita vya Vietnam. Zilikuja kazi 1,421, hakuna jina hata moja, namba tu. Waamuzi wakachagua namba 1026, kuja kufunua ni binti wa miaka 21, Maya Lin, bado mwanafunzi pale Yale. Wangeliona jina na umri mapema nani angemsikiliza? Nyie mnatuma kazi kwenye WhatsApp, mwamuzi anaona jina, picha, mpaka ulikuwa hewani saa ngapi.

Karatasi_A3
Mkuu wa Dar, hapa hata mkitumia namba mjomba anaijua namba ya mpwa wake. Anamtumia M-Pesa kila wiki.

Kinyozi_Msomi
Na angempa namba 7, iangalie nyuma tumtambue.

Brashi_ya_Umoja
Nyinyi wa kompyuta mnadeka sana. Mimi nachora nganya, zile matatu za michoro. Kuna mwenye gari, mnamjua pia huyo, aliita mafundi watano. Akasema ni shindano: mmoja ubavu wa kulia, mmoja wa kushoto, mmoja nyuma, mmoja boneti, mmoja ndani. Atakayeshinda apewe kazi ya gari lote. Rangi ujinunulie. Tukachora usiku kucha, tunaoneana wivu, kila mtu anaficha mkebe wake. Asubuhi akazunguka gari mara mbili, akatikisa kichwa, akasema anaenda kufikiria.

Lote lilikuwa limekwisha kuchorwa!!! Anafikiria mpaka leo. Liko barabara ya Rongai linabeba watu.

Rangi_Mbili
Hahaha ati anaenda kufikiria. Wewe ulikuwa upande gani?

Brashi_ya_Umoja
Nyuma. Juzi lilinipita Lang'ata Road likanimwagia maji. Kazi yangu mwenyewe.

Kinyozi_Msomi
Huyu ndiye wa kuhurumiwa. Mwenye uzi toa suti akae.

Mwenye uzi
Pole ndugu, lakini hilo gari lilikuomba ULISHIKIE?

Senti_Tano
Elfu 20 mnapigania kama shamba. Ile alama ya Nike, Carolyn Davidson alilipwa dola 35 mwaka 1971. Alichukua akaenda darasani. Hakufungua uzi.

Wakili_wa_Kibaraza
Malizia hadithi, mnapenda kukata katikati. Baadaye, 1983, walimwita wakampa pete ya dhahabu yenye almasi na hisa za kampuni. Ligi ya mtaa ina hisa?

Karatasi_A3
Ina jezi kumi na mpira mmoja wenye kiraka.

Mbagala_Kwetu
Afrika Kusini nako, 1993, waliwaita wananchi walete michoro ya bendera mpya. Zikaja zaidi ya 7,000 na hawakuchukua hata moja. Ile tunayoiona leo ikaja kuchorwa na Frederick Brownell, mtaalamu wa nembo wa serikali, ikapandishwa Aprili 1994.

Mwenye uzi
Na hao 7,000 kuna mmoja aliitwa jukwaani akaambiwa ashike kona ya bendera? Hakuna. Nimemaliza.

Mama_Sambusa
Kijana wangu, shikamoo hujaniamkia lakini nimekusamehe, naona una uchungu. Hizo sambusa mzee wa kamati alikuwa anakula ni zangu. Nilipeleka 150. Waliniambia nitalipwa baada ya hundi. Hundi imetoka, wamezima simu. Sasa wewe unalilia ndege wa karatasi na mimi nadaiwa unga.

Mwenye uzi
Shikamoo mama. Samahani. Nilikula mbili.

Mama_Sambusa
Marahaba. Hizo mbili ni 60.

Rangi_Mbili
Za nyama ama ndengu?

Mama_Sambusa
Mchanganyiko. Mia za ndengu, hamsini za nyama.

Kinyozi_Msomi
Mama kwa heshima zote, sambusa ya ndengu si sambusa, hiyo ni ndengu imevaa koti.

Mama_Sambusa
Nyama ni bei gani saa hii? Umeingia buchari mwezi huu ama unaipita ukiangalia kwa dirisha?

Brashi_ya_Umoja
Mama mjibu huyo. Anatunyoa kwa wembe mmoja mtaa mzima na anachagua sambusa.

Kinyozi_Msomi
Wembe ni mpya kila kichwa, usiniharibie jina hapa. Na wewe una deni la dredi tangu Krismasi.

Mwenye uzi
Jamani. Uzi ni wangu. Tulikuwa kwa hundi.

Senti_Tano
Dredi siku hizi kurudishia ni ngapi?

Kinyozi_Msomi
Inategemea kichwa. Cha huyu wa rangi nilitoza nusu kwa huruma ndiyo maana nalia.

Karatasi_A3
Ngoja, kuna kitu hakijakaa sawa. Mwenye uzi ulisema simu iko asilimia 3 saa nzima iliyopita.

Mwenye uzi
Nimeingia kioski nikachaji. Matatu zote zimenikataa. Makanga anasema nilipie viti viwili.

Karatasi_A3
Viti viwili kwa nini, umenenepa?

Mwenye uzi
Niko nayo.

Karatasi_A3
Uko na nini?

Mwenye uzi
Hundi. Alipiga picha, akatumiwa pesa kwa simu, akaondoka na mjomba kwa gari. Mimi nikabaki nimeshika. Nilingoja arudi achukue upande wake.

Rangi_Mbili
NIMEANGUKA KITI KAZINI.

Kinyozi_Msomi
Yaani "hapo kidogo" imefika saa ngapi sasa?

Mwenye uzi
Saa tano. Kumeanza kunyesha na "elfu" inafutika.

Senti_Tano
Hiyo kadibodi ni ya unene gani?

Mwenye uzi
Kama kidole. Ni ngumu. Upande mmoja imepakwa plastiki.

Senti_Tano
Usiiache inyeshewe. Nina banda la kuku ubavu wa Njiru, upepo wa usiku umeniulia vifaranga wanne. Nakupa 100.

Mwenye uzi
Ni ushahidi.

Senti_Tano
150 na nakuja na boda kuichukua.

Wakili_wa_Kibaraza
Ushahidi usiuzwe chini ya 200.

Mama_Sambusa
Akikulipa, 60 yangu unitumie kwanza.

Brashi_ya_Umoja
Kadibodi kwa banda haikai, itapata unyevu wiki moja. Weka gunia la nailoni ndani na mabati nje, acha nafasi juu ya hewa. Vifaranga wanakufa kwa kukosa hewa, watu wanasingizia baridi.

Senti_Tano
Hewa iko. Shida ni upepo wa chini, unaingia kwa miguu.

Mbagala_Kwetu
Wekeni pumba za mbao chini, inchi kama tatu hivi. Sisi huku tunafanya hivyo. Ni wa kienyeji au chotara?

Senti_Tano
Kienyeji kuboreshwa.

Mama_Sambusa
Hao wa kuboreshwa hawalalii mayai, utakuja kulia. Nina jogoo wa kienyeji kabisa nauza, mwekundu, anawika saa kumi hajawahi kukosea.