Familia ya Chumbageni: Je, Colorado Walimwajiri Kocha Sahihi?

Jumapili, 30 Novemba 2025

Faraji (Boulder): Shikamooni wote. Msimu wa timu yetu ya mpira wa Marekani, Chuo Kikuu cha Colorado, umeisha jana. Kansas State wametupiga 24 kwa 14. Tumeshinda mechi 3, tumepoteza 9.

Mjomba Hamisi (Aurora): Marahaba. Na bado utaniambia kocha apewe muda.

Faraji: Ndiyo mjomba, apewe muda. Huyu ndiye aliyetutoa shimoni.

Baba Mkubwa Athumani (Tanga): Marahaba mwanangu. Huku tumeshaswali isha, nyie ndiyo kwanza mnakunywa chai. Hebu nielewesheni mimi mstaafu. Kocha mwenyewe ndiye huyu Deion Sanders mnayemwita Prime?

Mjomba Hamisi: Ndiye huyo shemeji. Enzi zake alikuwa beki wa pembeni, na mpaka leo wengi wanasema hajatokea beki wa kumzidi. Alichukua Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi ya kulipwa, akiwa na timu ya 49ers, akahamia Cowboys akachukua nyingine, na besiboli ya kulipwa akacheza vilevile. Ukocha wa chuo alianzia Jackson State kule Mississippi, moja ya vyuo vya kihistoria vya watu weusi. Misimu mitatu, ushindi 27, vipigo 6. Desemba 2022 Colorado wakamchukua.

Rehema (Dar): Na Colorado wakati huo walikuwa na hali gani?

Faraji: Dada, hali mbaya mno. Msimu wa 2022 walishinda mechi moja wakapoteza 11. Kocha aliyekuwepo alitimuliwa katikati ya msimu. Chuo kilichokuwa bingwa wa taifa msimu wa 1990 kilifika mahali hata wanafunzi wenyewe hawajui Jumamosi timu inacheza na nani.

Faraji: Halafu akaja Prime. Aprili 2023, mechi ya mazoezi tu, timu inacheza yenyewe kwa yenyewe, theluji inaanguka, na tiketi zimeisha zote. Septemba wakaenda kwa TCU, chuo cha Texas, waliokuwa wametoka kucheza fainali ya taifa, wakawapiga 45 kwa 42. Msimu uliofuata, 2024, ushindi 9 na vipigo 4, na Travis Hunter akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Colorado ilikuwa haijapata Heisman tangu Rashaan Salaam mwaka 1994. Mjomba, kocha gani mwingine angekuja Boulder mwaka ule akafanya hayo?

Mjomba Hamisi: Hakuna. Hapo sibishani na wewe.

Faraji: Sasa ugomvi wetu uko wapi?

Mjomba Hamisi: Ngoja nishuke kwenye gari niandike vizuri.

Shangazi Mwanaisha (Tanga): Wakati tunamsubiri Hamisi, na mimi niseme langu. Nilitazama ile video ya kikao chake cha kwanza na wachezaji aliowakuta. Anawaambia waingie kwenye dirisha la uhamisho, yeye anakuja na mizigo yake mwenyewe, yaani wachezaji wake. Na kweli waliondoka zaidi ya 50. Wale ni watoto wa watu. Kijana wa miaka 19 ameondoka kwao, ameahidi kurudi na shahada, halafu mgeni anaingia mlangoni na kumwonyesha njia ya kutokea. Mimi kama mzazi sikuipenda.

Faraji: Shikamoo shangazi. Nakuelewa, lakini walikuwa wameshinda mechi moja mwaka mzima. Na sheria inamruhusu kocha mpya.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba. Sheria inaruhusu mambo mengi Faraji. Mimi naongelea utu.

Rehema: Shangazi, kwenye mpira wa kulipwa huo mbona ni mchezo wa kila siku. Sisi Yanga, Nabi alitufikisha fainali ya Shirikisho 2023 akaondoka zake. Akaja Gamondi, Novemba 2024 naye tukaachana naye. Kila kocha na watu wake.

Baba Mkubwa Athumani: Rehema, Yanga ni klabu. Hicho ni chuo. Nimefundisha miaka mingi, shule haimfukuzi mwanafunzi kwa sababu mwalimu mkuu kabadilika.

Mjomba Hamisi: Nimefika. Sasa sikilizeni.

Mjomba Hamisi: Kumwajiri Prime Desemba 2022 ilikuwa sawa kabisa. Rick George, mkurugenzi wa michezo wa pale wakati huo, alisema waziwazi kwamba fedha za ule mkataba, dola milioni 29.5 kwa miaka mitano, chuo kilikuwa hakina bado, ila ana hakika zitapatikana. Mtu anaahidi fedha ambazo hazipo! Na zikapatikana. Uwanja wa Folsom unachukua watu zaidi ya 50,000 na ukawa unajaa. Televisheni za taifa zikahamia Boulder. Kwa timu iliyokuwa imekufa, huyo ndiye aliyefaa.

Mjomba Hamisi: Walipokosea ni Machi 2025. Wamempa mkataba mpya wa dola milioni 54 mpaka 2029. Kwa kazi ipi? Kwa kazi ya Shedeur na Travis Hunter. Shedeur ni mwanawe wa kumzaa, kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kutupa mpira. Hunter alianza naye Jackson State, akamfuata Colorado. Wote wawili walikuwa wameshamaliza, wanangoja drafti ya Aprili, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wapya. Chuo kingesubiri kidogo tu, kikaona Prime ana timu gani wale wawili wakishaondoka. Hawakusubiri. Sasa wameona, 3 kwa 9.

Faraji: Lakini mjomba, wasingemwongeza angechukuliwa na wengine. Kila msimu zilikuwa habari hizohizo, mara Cowboys wanamtaka.

Mjomba Hamisi: Angeondoka na wangemshukuru. Jackson State aliwaacha, na wamekufa? Msaidizi wake T.C. Taylor alichukua timu, na Desemba 2024 wakashinda Celebration Bowl, mechi ya mabingwa wa vyuo vya watu weusi. Mechi hiyo Prime aliicheza mara mbili akiwa nao na mara zote mbili akapoteza.

Baba Mkubwa Athumani: Eee. Hilo sikulijua.

Faraji: Aliyejenga ile Jackson State ni nani? Taylor mwenyewe alikuwa chini yake.

Shangazi Mwanaisha: Hamisi, kuna jambo unaliruka. Mwaka huu mtu alikuwa mgonjwa. Julai alitangaza mwenyewe kwamba alikuwa na saratani ya kibofu. Kibofu kimetolewa kizima, wakamtengenezea kingine kwa kipande cha utumbo. Mimi ni nesi, nakwambia mtu aliyefanyiwa upasuaji ule anajifunza upya hata kwenda haja ndogo, usiku halali. Na kabla ya hapo, akiwa Jackson State, alishakatwa vidole viwili vya mguu kwa sababu ya damu kuganda. Mwezi wa nane yuko uwanjani na vijana. Msimu huu mmoja usiutumie kumhukumia.

Mjomba Hamisi: Shemeji, kwa hilo namvulia kofia, na namwombea afya. Sisemi alikuwa mvivu. Nasema timu ilikuwa mbovu, na ubovu wake haukuanza Julai.

Shangazi Mwanaisha: Na wewe uliye juu ya miaka 50, umepima lini? Yule ametangaza ugonjwa wake ili wanaume waende hospitali.

Mjomba Hamisi: Nitakwenda shemeji. Wiki hii naweka miadi.

Rehema: Tumeandika hapa, mjomba.

Baba Mkubwa Athumani: Ubovu wenyewe uko wapi? Nieleze kama unamweleza mtu wa Coastal Union.

Mjomba Hamisi: Mbele, shemeji. Katika mpira huu kuna watu watano wakubwa wanaosimama mbele ya kwotabeki, kila mmoja kama kilo 140 hivi. Kazi yao ni kumpa yule nyuma sekunde tatu za kutazama na kutupa mpira. Wasipompa, hata awe na mkono wa dhahabu anaangushwa chini. Mwaka 2023 Shedeur aliangushwa zaidi ya mara 50. Ukimtazama, mpira unamfikia mkononi, anainua macho, na tayari jitu limeshapita begani kwa mlinzi wake. Anakimbilia kulia, anageuka kushoto, anatupa huku anaanguka. Tukawa tunashangilia uhodari wake, na kumbe tunashangilia nyumba isiyo na ukuta.

Mjomba Hamisi: Upande wa kuzuia ni vilevile. Mechi ya kwanza mwaka huu Georgia Tech waliupitisha mpira katikati yetu usiku kucha, na mwisho kwotabeki wao Haynes King akapenya mwenyewe yadi 45 ikiwa imebaki dakika moja hivi. 27 kwa 20. Oktoba Utah wakatupiga 53 kwa 7. Hayo hayaletwi na kibofu cha kocha. Yanaletwa na kutokuwa na watu wa mbele kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Faraji: Utah sikwenda. Ila wiki iliyofuata nilikuwa Folsom, Arizona walipotupiga 52 kwa 17. Nawaambia ukweli, iliniuma. Kabla ya mechi Ralphie, nyati wa timu yetu, anakimbizwa uwanjani, watu wote wamesimama, koo linakauka kwa kupiga kelele. Robo ya tatu jukwaa la wanafunzi watu wanashuka ngazi kimya, wengine wameshavaa makoti, hawageuki hata kutazama ubao. Mimi na wenzangu tulibaki mpaka mwisho. Nilitaka nione vijana wakitoka uwanjani na mtu wa kuwapigia makofi.

Baba Mkubwa Athumani: Umefanya vyema. Huyo nyati ni mzima kabisa?

Faraji: Mzima baba mkubwa, anashikwa na watu kwa kamba pembeni na bado anawaburuta.

Rehema: Faraji, mimi nakuuliza kwa nia njema. Ukiacha Hunter na Shedeur, Prime amemkuza nani?

Faraji: Julian Lewis. Kwotabeki, mwaka wa kwanza, ameanza kupangwa kikosi cha kwanza mwezi Novemba na ana kipaji. Kabla yake walijaribiwa makwotabeki wengine, Salter na Staub. Lewis ndiye timu ya kesho, na alikuja Boulder kwa sababu ya Prime tu.

Mjomba Hamisi: Kipaji anacho. Na mbele yake amesimama nani?

Faraji: Bado.

Baba Mkubwa Athumani: Nimekuwa nasoma wakati mnabishana. Faraji, huyo bingwa wa 1990 alikuwa kocha Bill McCartney, siyo? Aliyefariki Januari mwaka huu.

Faraji: Ndiyo baba mkubwa, sanamu yake anayo kila mtu moyoni huku.

Baba Mkubwa Athumani: Aliingia 1982. Miaka yake mitatu ya kwanza ilikuwa mibovu kuliko hii ya Prime, na ya tatu, 1984, alishinda mechi moja akapoteza 10. Na katikati ya msimu uleule chuo kikamwongezea mkataba! Watu lazima walishika vichwa. Miaka sita baadaye kombe. Sasa Hamisi, wale nao walikosea?

Faraji: BABA MKUBWA 👏🏾👏🏾👏🏾

Mjomba Hamisi: Shemeji umenibana kweli. Ila tazama McCartney alikuwa anafanya nini katika miaka hiyo ya vipigo. Alikuwa anazunguka. California, Detroit, anakaa sebuleni na wazazi, anachukua kijana wa miaka 18 na kumlea miaka minne. Wenye mkataba waliona mbegu iko ardhini, wakaona wasubiri mvua. Prime haendi majumbani, anasema vijana wanamfuata Boulder. Anachukua kwa dirisha la uhamisho, wa mwaka mmoja, mwakani anachukua wengine. Mimi nisubiri nini kiote?

Rehema: Hapo mjomba kasema.

Faraji: Dunia imebadilika. Tangu Julai vyuo vinalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa michezo yote. Kijana ukimlea miaka miwili, mwaka wa tatu anakuja tajiri anamchukua. McCartney asingeweza kulea leo kama alivyolea.

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana fedha hizo ungezianzia kwa watu wa mbele. Hao hawana majina, hawaonekani kwenye matangazo, na wakikaa pamoja misimu miwili wanakuwa ukuta. Prime anapenda mapambo ya nje, wakimbiaji na wadakaji, kwa sababu ndivyo alivyokuwa mwenyewe. Aprili wakastaafisha jezi ya Shedeur, namba 2, pamoja na ya Hunter, yaani asizivae tena mwingine. Hunter sawa, amechukua Heisman. Shedeur naye ni mchezaji mzuri, lakini mechi yake ya mwisho hapo ni kipigo cha 36 kwa 14 kutoka kwa chuo cha BYU. Baba ni kocha, jezi ya mtoto inastaafishwa miezi minne baadaye. Lile lilinikera, na wachezaji wa zamani liliwakera.

Shangazi Mwanaisha: Na drafti yenyewe mtoto wa watu akaachwa mpaka akawa wa 144 kuchaguliwa. Nilimhurumia.

Faraji: Jezi ya Shedeur na mimi nilisema walikuwa na haraka. Lakini mjomba, ukisema Machi 2025 walikosea, leo unataka nini? Afukuzwe?

Mjomba Hamisi: Sijasema afukuzwe. Kumlipa aondoke ni mamilioni ambayo ndiyo hayohayo ya kununulia watu wa mbele. Abaki, abadilike.

Baba Mkubwa Athumani: Basi mnakaribiana kuliko mnavyojua.

Faraji: Jumatano hii, tarehe 3, vijana wa sekondari wanasaini kujiunga na vyuo. Nitawaletea orodha hapahapa.

Mjomba Hamisi: Niletee. Majina ya wadakaji siyataki. Niandikie wa mbele peke yao, urefu, uzito na wanatoka shule gani. Nikiwaona wapo wa kutosha, mechi ya kwanza ya nyumbani mwakani tiketi nanunua mimi, yako na yangu.

Faraji: Na wasipotosha?

Mjomba Hamisi: Nanunua vilevile. Ila njia nzima kutoka Aurora mpaka Boulder utanisikiliza.