Piki nyembamba inaninyima sauti kwenye solo: nihamie unene gani?

Mkung'utaji_Moro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninapiga gitaa la akustika katika kwaya ya kanisa, na kazi yangu huko ni kukung'uta kodi tu (noti kadhaa kwa mpigo mmoja). Siku zote nimetumia piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) nyembamba ya selulodi, aina ya plastiki, ile isiyofika nusu milimita, na haijapata kunisumbua. Sasa bendi moja ya dansi hapa Morogoro imeniomba niwapigie solo kwa gitaa la umeme, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Noti za nyuzi nyembamba zinatoka dhaifu, kila noti inatanguliwa na mlio wa "tik" wa plastiki, na ninapoongeza nguvu ya mkono sauti haiongezeki, bali piki ndiyo inayozidi kukunjika. Mpiga rithim aliniazima piki yake ya milimita 1.14, sauti ilijaa palepale, lakini nilipoijaribu kwenye kodi ikawa inanasa katika nyuzi na kuponyoka vidoleni. Je, ni unene wenyewe unaobadilisha sauti, au ni mkono wangu? Na je, nitafute piki moja ya kati, au nikubali kutembea na mbili?

Fundi Nyuzi

Ndugu, nusu ya jibu umekwisha kuitoa mwenyewe pale uliposema kwamba ukiongeza nguvu piki inakunjika. Piki na uzi vinapokutana, kimoja lazima kikubali kupinda. Piki nyembamba hupinda kabla uzi haujavutwa mbali na mahali pake, hivyo uzi huachiwa ukiwa na msukumo mdogo. Sauti ya msingi ya noti hupungua, hasa kwenye nyuzi nene, na kinachobaki kusikika waziwazi ni mgongano wa plastiki na chuma. Katika kwaya hiyo ni neema, kwa sababu ule mlio wa "tik" hushika nafasi ya kayamba, na hata mkono ukipitiliza, sauti haiwafuniki waimbaji. Solo inataka kinyume chake: noti iwe kubwa au ndogo kadiri unavyotaka wewe, na itoke wakati uleule ulioikusudia, si baada ya piki kumaliza kujikunjua.

Hata hivyo, usiamini wanaosema kwamba piki nene lazima itoe sauti nzito na iliyofifia. Hilo huamuliwa zaidi na ukingo. Ncha butu hugusa sehemu pana ya uzi na kuzima milio ya juu, ilhali ncha kali huiamsha. Piki iitwayo Dunlop Jazz III ina milimita 1.38 na bado inakata vizuri, kwa kuwa ncha yake ni kali.

Jambo jingine ni kwamba namba iliyochapwa haielezi kila kitu, kwani nailoni ya 0.73 hupinda kwa urahisi kuliko selulodi ya unene huohuo. Ukikutana na piki za Tortex, za kampuni hiyohiyo ya Dunlop, utazitambua kwa rangi: chungwa ni 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.0 na zambarau 1.14, ambayo bila shaka ndiyo uliyoazimwa. Umeruka kutoka chini kabisa hadi juu kwa hatua moja. Mimi ningeanza na kijani.

Mzee wa Sebene

Mdogo wangu, mimi sikubaliani na habari ya kutafuta piki ya kati. Kaa na hiyo nene, kwa maana kinachonasa si unene. Tazama ni kiasi gani cha ncha kinachotokeza nje ya kidole gumba: kikizidi milimita tatu au nne, piki yoyote ngumu itazama kati ya nyuzi. Kisha ilaze kidogo ili ukingo uteleze, badala ya kuisimamisha wima na kuusukuma uzi kwa bapa. Mwisho, legeza vidole unapopiga kodi na uvikaze unapoingia kwenye solo. Piki isiyopinda inahitaji mkono unaopinda. Brian May wa bendi ya Queen hutumia sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita, ambayo haipindi kabisa, na kodi anapiga.

Ila kama unataka kumwiga Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, piki zote ziweke mfukoni, kwa sababu yeye alitumia kidole gumba na cha shahada.

Binti Mkunazini

Shikamoo Mzee. Ya mkono nayakubali, lakini si haki kuihukumu piki nyembamba kwa sababu ya bendi. Gitaa la akustika linaporekodiwa pamoja na kinanda na besi, unyembamba wa sauti ndio unaolipatia nafasi yake, na fundi wa studio hana haja ya kupunguza mvumo wa chini. Huku Zanzibar tunaona jambo hilihili kwenye ala ya udi: risha yake, yaani piki ya kupigia udi, ni ndefu, nayo hunesa kwa sababu ya urefu unaoachwa nje ya vidole. Kwa hiyo hata piki yako ya sasa, ukiishika karibu zaidi na ncha, itakuwa ngumu kuliko ulivyoizoea. Jaribu hilo kabla ya kutoa pesa.

(Na yeyote asije akamshauri mtu kutafuta piki ya magamba ya ng'amba, eti ndiyo yenye sauti ya kweli. Kasa huyo yumo hatarini kutoweka, biashara ya magamba yake imepigwa marufuku kimataifa, na hizo Tortex zilibuniwa kuchukua nafasi yake.)

Mkung'utaji_Moro

Marahaba kwa wote mlionijibu. Nimeishika karibu na ncha na kweli "tik" imepungua, ingawa noti bado ni dhaifu. Taabu ni kwamba duka lililo karibu nami lina piki nyembamba tu. Vilevile kuna wimbo mmoja wa bendi unaonitaka nipige kodi kwenye ubeti na solo kwenye kiitikio. Hapo hakuna muda wa kubadilisha piki.

Fundi Nyuzi

Tafuta kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kipimo chake ni cha kimataifa, milimita 0.76, karibu sawa na ile ya njano. Chora umbo kwa kuifuata piki yako, kata nje kidogo ya mstari kwa mkasi mkali, ukiepuka sehemu yenye chipu na namba zilizoinuka, kisha sugua ukingo kwa msasa laini na umalizie kwa kitambaa cha jinzi hadi usikwaruze tena. Plastiki yake huliwa upesi na nyuzi za chuma, kwa hiyo kata tatu au nne. Rekodi kipande kilekile kwa simu, ukitumia piki zote bila kugusa amplifaya, ndipo uamue kama unahitaji kupanda hadi 0.88 au zaidi.

Kuhusu huo wimbo, piki ya umbo la kawaida ina pembe tatu. Shika piki ngumu moja tu, na kwenye ubeti igeuze upige kodi kwa bega lake la mviringo, ambalo huteleza juu ya nyuzi bila kunasa. Kiitikio kikikaribia, izungushe kwa kidole gumba mpaka ncha irudi mbele. Anza kuizungusha kwenye mapigo mawili ya mwisho ya ubeti, wakati mpiga ngoma anapojaza, maana hapo kodi yako haisikiki sana.