Injini inanguruma, moto hakuna: niamshe sumaku, nibadili kaboni au rota isukwe upya?

ChumaMoto
Wakuu, nina mashine ya kuchomelea ya injini ya dizeli, rota yake (sehemu inayozunguka na kuwa sumaku) ni ya pete na kaboni (vipande vinavyogusa pete kupeleka umeme kwenye rota). Ilikaa stoo muda mrefu. Injini inawaka bila shida, ila kijiti hakitoi hata cheche na soketi nazo kavu. Nimeshauriwa mambo matatu: kuamsha sumaku kwa betri, kubadili kaboni, au kutoa rota ikasukwe nyaya upya. Nianze na lipi? Gharama ya kusuka inanitisha.

Koili_Nane
Mkuu, kama moto umekata pande zote mbili, achana kwanza na nyaya za kuchomelea. Ingekuwa kijiti tu, ungeangalia swichi ya ampea au rektifaya kubwa (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC). Soketi tu, ungeangalia breka. Hapa shuku usumaku wa rota. Ila hakikisha kwanza spidi: jenereta ya ncha nne za sumaku hutaka mizunguko 1500 kwa dakika kutoa 50 Hz, ya ncha mbili 3000. Kifaa cha kushusha spidi wakati hakuna kazi kikiganda, rota haitajijenga usumaku.

FundiRota
Kaboni kwanza, kuziangalia ni bure. Mashine iliyolala huota utando mweusi juu ya pete, na kaboni hukwama na vumbi ndani ya nyumba yake: springi inasukuma, yenyewe haisogei. Ibonyeze kwa kidole, inatakiwa irudi haraka. Pete zipitishe msasa laini sana, futa vumbi lote. Kisha inua kaboni, pima omu kutoka pete hadi pete na ulinganishe na kitabu cha mashine. Kutoka pete hadi shafti mita isisome kitu. Ikisoma, kihami (kinachozuia umeme usiguse chuma) kimeungua.

MamaWaya
Kusafisha sawa, lakini betri ndiyo inayokupa jibu. Chomoa kila kitu kwenye soketi. Tia alama nyaya za kaboni, zitoe, washa injini, ipe rota 12 V kupitia fyuzi, chanya kwa chanya. Soma soketi. Volti zikipanda na kutulia, rota na stata (koili zisizozunguka) ni nzima. Zima, rudisha nyaya, washa tena. Ikijijenga yenyewe, ilikuwa imepoteza usumaku tu. Ikibaki kavu, ubovu uko kwenye kinachoilisha rota. Kusuka kunaanza kuzungumzwa pale volti zinapogoma hata kwa betri.

Koili_Nane
Naongeza: weka mita ya ampea kwenye waya wa betri. Rota ya omu 8 itakula ampea 1.5 hivi. Wapo wanaopima rota imesimama wakaona nzima, kumbe ikizunguka waya uliokatika unaachana. Ampea ikidondoka spidi inapopanda, umempata mchawi. Na ukigeuza chanya na hasi, unaufuta ule usumaku mdogo uliobaki.

ChumaMoto
Nimefuata ya MamaWaya baada ya kusafisha pete. Kwa betri soketi zilifika kama 60 V na ampea haikuyumba. Nikarudisha nyaya: kavu. Nimefungua rektifaya ndogo inayolisha rota, dayodi moja, ambayo hutakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, inapitisha pande zote mbili.

FundiRota
Basi rota iache mahali pake, haina kosa. Tafuta rektifaya yenye volti na ampea sawa na ile au zaidi, si pungufu. Ikaze kwenye bati lake kwa grisi ya kupitisha joto, maana ikilegea itaungua tena. Kabla hujaifunga, pima koili inayoilisha: isiguse bodi, na omu zake zisiwe chini ya za kitabu. Ukirudishia, ipe rota betri sekunde chache tu, dayodi ikivuja namna hiyo huenda usumaku nao umefifia.

ChumaMoto
Asanteni sana wakuu. Koili iko safi, haigusi bodi. Naenda kutafuta rektifaya.